Kati ya 90 na 100

"Nani kati yenu ndiye veterani mwenye ulemavu?"

Dada wa kaunta aliuliza vizuri tu, hana ubaya wowote, kalamu ishagusa fomu yetu ya msamaha wa kodi ya nyumba, anangoja jibu aandike. Na mume wangu, mwenye bahasha ya VA, ile idara ya serikali ya Marekani ya veterani, mkononi, jina lake limepigwa chapa juu ya hiyo bahasha, akageuza shingo akaangalia nyuma. Akaangalia foleni, yule mzee wa kofia, yule mama na mtoto, kama mtu anayetafuta huyo anayeitwa ni nani.

Kisha akarudi kwa kaunta akasema, "Ni mimi, madam." Ile sauti yake ya jeshini, fupi.

Fomu ikapokelewa, tukaambiwa tutaandikiwa barua, tukatoka tukaenda kuchukua watoto shule. Yeye hajaizungumzia tena. Mimi ndo sijatulia, wiki zimepita na bado naiona ile shingo inageuka, najiuliza mtu ambaye amekusanya makaratasi yote yale, ameingia garini, amepanga foleni mpaka zamu yake ikafika, mbona bado alikuwa anatarajia aitwe mwingine? Nikaamua niandike. Amesoma kila kitu hapa kabla sijaposti na amekubali, na pale aliponiambia toa, nimetoa.

Bili ya Oktoba

Wengi wenu mko Texas ama mna ndugu huku kwa hivo sitaeleza sana. Jimbo halikati kodi ya mapato, unafurahia mshahara, alafu Oktoba bili ya nyumba inafika na hapo ndo unaelewa pesa inatoka wapi. Wilaya ya shule, kaunti, mji, chuo cha jamii, kila mmoja na kiwango chake, na lazima uwe umemaliza kulipa kufikia Januari 31 manake Februari 1 faini na riba zinaanza kuhesabiwa. Ile nafuu ya kawaida ya homstedi, yaani nyumba unayoishi mwenyewe, imeongezwa, 2023 ikapanda hadi dola 100,000 na 2025 wapiga kura wakaipandisha tena hadi 140,000, imesaidia kweli, lakini hiyo inakata upande wa kodi ya shule tu, wengine wote wanaendelea na hesabu zao.

Sisi tuko kaskazini ya Dallas. Uthamini wa nyumba umekuwa ukipanda na malipo ya kila mwezi yanapanda nao kwa sababu benki inakusanya kodi humo humo kwenye eskro, ile akiba ya kodi unayolipa pamoja na mkopo. Nyumba ni ile ile, mkopo ni ule ule, riba ya mkopo haijaguswa, na bado mwezi wa kwanza unaletewa barua kwamba sasa utalipa zaidi.

Kwa veterani mwenye ulemavu uliotokana na utumishi, sheria ya Texas imepangwa kwa ngazi. VA ikikupa asilimia 10 hadi 29 ya ulemavu, thamani ya nyumba yako inapunguzwa dola 5,000 kabla ya kupigiwa kodi. 30 hadi 49 ni 7,500. 50 hadi 69 ni 10,000. Kuanzia 70 kwenda juu ni 12,000.

Ukifika 100, kodi yote inafutwa.

Isomeni tena hiyo, manake mimi ilinichukua muda kuamini. Dola 12,000 zinatolewa kwenye thamani ya nyumba, sio kwenye bili. Kama viwango vyenu vyote vikijumlishwa vinakaribia asilimia 2, basi mtu wa 90 anaokoa kama dola 240 kwa mwaka. Mwenzake wa 100, jirani yake, walitumikia kambi moja, halipi kitu. Sheria ya kufuta kodi yote ilianza mwaka 2009 na tangu hapo kati ya 90 na 100 kuna bonde, na mume wangu alikaa kwenye ukingo wa hilo bonde miaka mingi bila kutaka kuangalia ng'ambo.

Hesabu yao

Mtu wa nje anaweza kudhani 90 na 100 ni jirani. Sio jirani hata kidogo.

VA hawajumlishi kama tulivyofundishwa shule. Mume wangu alikuwa na 70 ya PTSD, yale maradhi ya kiwewe, 50 ya kipandauso, 20 ya mgongo, na 10 ya masikio, ule mlio usioisha. Ukijumlisha kawaida ni 150. Wao wanaanza na mtu mzima wa 100, wanatoa 70, anabaki na 30. Ile 50 ya kipandauso inakatwa kwenye hiyo 30 iliyobaki, sio kwenye 100, kwa hivo ni 15. Sasa ako 85. Mgongo asilimia 20 ya 15 iliyobaki, hiyo ni 3, ako 88. Masikio yanaongeza kama moja hivi. 89. Wanasogeza kwenye kumi ya karibu, 90.

Kufika 100 lazima hesabu ifike angalau 95, na kadiri unavyopanda kila maradhi mapya yanahesabika kidogo zaidi kwa sababu yanakata kwenye kile kidogo kilichobaki. Mtu akiwa 90 anaongezewa 10 ya goti na barua inarudi vilevile, 90. Nimewahi kumuona mtu mzima analia kwa simu juu ya barua kama hiyo.

Nilikuwa naichukia hii hesabu. Siku hizi sijui. Kuna siku naangalia namna anavyoshuka ngazi asubuhi, anashika ukuta, naona kwamba kweli wanachopima ni kilichobaki, na kilichobaki ndicho kinachoamka kwenda kazini.

"Kuna waliorudi bila miguu"

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kila nikigusia mambo ya kuomba waangalie upya. Kuna waliorudi bila miguu. Kuna ambao hawakurudi. Mimi natembea, naendesha gari, nalea watoto, niende nikasimame mbele ya daktari nianze kuhesabu shida zangu?

Na sio kiburi. Ningejua kupambana na kiburi.

Aliingia jeshini kupitia ile programu ya MAVNI, wengi wa rika lake wanaijua, ilianzishwa mwisho wa 2008 na ikafungwa 2016. Ilichukua watu waliokuwa huku kwa viza, wanafunzi wengi, bila gringadi, mradi wawe madaktari au manesi au wana lugha iliyokuwa inahitajika, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Uraia ulikuja haraka. Kwake yeye ile ilikuwa biashara iliyokwisha kulipwa: walimpa pasipoti, akawapa miaka yake, wamemalizana. Akidai kingine anajiona anarudi dukani kudai chenji ambayo alishapewa.

Alafu kuna babu yake. Babu alikuwa keya, askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipelekwa Burma vita vya pili na ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akarudi na mguu usiokunja na kikohozi, na medali kwenye kopo. Askari Waafrika wa KAR walilipwa kidogo kuliko wazungu waliokuwa nao jeshi moja, na walivyoachishwa waliachishwa na kidogo pia, hilo halina ubishi siku hizi. Mume wangu alikua akimuona yule mzee analima kwa ule mguu na hasemi neno, na watu wote mtaani wanamheshimu kwa sababu hasemi neno. Ile heshima na ule ukimya vilifika kwake vikiwa kitu kimoja.

Nilikuwa namwambia, babu yako alinyamaza kwa sababu hakukuwa na ofisi ya kwenda. Hakukuwa na kaunta. Wewe iko.

Haikumgusa. Alitikisa kichwa akasema mzee hata kama ingekuwepo asingeenda, na pengine ni kweli, nani anajua.

Na shule je?

Hili lake la pili lilinishika mimi zaidi kwa sababu sikuwa na jibu, na bado sina jibu zuri.

Watoto wetu wanasoma shule za serikali. Kodi ya nyumba ndiyo inalipa walimu, mabasi, zimamoto wanaokuja usiku. Akasema, mimi nisilipe, nani analipa? Jirani? Yule bibi wa pembeni anayeishi kwa pensheni?

Nikaenda kusoma. Upande wa shule jimbo linaingia kwenye hesabu na kuziba sehemu kubwa. Upande wa miji na kaunti ndo kuna maumivu. Ile sheria ya 2009 ilifuta kodi bila kuweka pesa ya kuwafidia. Angalia Killeen pale, karibu na Fort Hood, kambi aliyotumikia yeye, ile ambayo 2023 waliiita Fort Cavazos na 2025 wakairudishia jina la Hood. Wanajeshi wakitoka kambini wengi wananunua nyumba hapo hapo, hospitali ya VA iko jirani Temple, marafiki wako hapo, kwa hivo mtaa baada ya mtaa una nyumba zisizolipa kodi, na mji unatakiwa kuweka barabara na polisi kwa watu wote. 2015 jimbo likaanzisha msaada kwa miji iliyopakana na kambi na kaunti zake, lakini viongozi wa Killeen na wa kaunti ya Bell wamerudi Austin, kwenye bunge la jimbo, mara nyingi kusema pesa hiyo haizibi pengo.

Kwa hivo ana hoja. Mzigo upo na kuna mtu anaubeba.

Ninachokataa mimi ni kwamba yeye ndo aubebe peke yake kwa kukaa kimya. Vita ilipigwa kwa jina la nchi nzima, Texas nzima iliipigia makofi, kama gharama yake imewaangukia watu wa Killeen kuliko watu wa River Oaks, mtaa wa matajiri kule Houston, basi hilo ni la wabunge kurekebisha, na waitwe walirekebishe kila kikao. Mume wangu kulipa kodi ambayo sheria imeshasema haidaiwi hakuweki lami barabara ya Killeen. Nilimwambia hivo kwa hasira, tulikuwa jikoni, na alinyamaza ile ya kufikiri, sio ile ya kufunga mjadala. Naijua tofauti.

Kifua

Alikuwa akikohoa tangu nimjue. Afghanistan walikuwa wanachoma takataka zote kwenye mashimo makubwa wazi, plastiki, betri, vitu vya hospitali, wanamwagia mafuta ya ndege, na moshi unakaa juu ya mahema. Alipotoka jeshini daktari akasema ni pumu, akapewa pampu, basi. Hakuiunganisha na chochote. Alipoomba VA mara ya kwanza hata hakuitaja.

Agosti 10, 2022 ikasainiwa sheria ya PACT. Kwa watu waliokuwa Afghanistan baada ya Septemba 11, 2001, pumu iliyogunduliwa baada ya kutoka jeshini sasa inachukuliwa moja kwa moja kuwa imetokana na utumishi, huhitaji tena kuthibitisha moshi gani wa siku gani.

Aliyetuambia ni rafiki yake wa Killeen, walikuwa kikosi kimoja, mtu wa Eldoret, mcheshi, hodari wa kuwasukuma wenzake. Alinipigia mimi, sio yeye. "Shemeji, huyu jamaa atakufa na haki yake mfukoni. Mwambie ajaze. Mimi nikimwambia ananikatia simu."

Alijaza. Sidhani alikuwa amekubali moyoni, nadhani alichoka na sisi wawili. Uchunguzi, vipimo vya kupuliza, rekodi za zile kozi za steroidi alizopewa kila kifua kikibana, kungoja, kungoja tena. Pumu ikapewa 60. Ingizeni kwenye ile hesabu yao: 70, kwenye 30 iliyobaki toa asilimia 60, mtu ako 88, kipandauso 94, mgongo na masikio yanamalizia, anapita 95.

Barua ikasema 100.

Aliisoma kwenye gari nje ya nyumba. Aliingia ndani akaiweka kwenye droo ya mabetri na mikasi, akaenda kukata nyasi.

Ukurasa ambao sikuuona mimi

Miezi ikapita barua iko kwenye droo. Malipo ya VA yalikuwa yamepanda, hayo yanaingia yenyewe. Lakini msamaha wa kodi ya nyumba hauji wenyewe. VA hawaipigii kaunti simu. Kaunti haijui wewe ni nani. Usipojaza fomu 50-114, ile ile ya homstedi, na kuweka alama pale kwa veterani wa asilimia 100, utaendelea kulipa mpaka kiama na hakuna atakayekuuliza.

Nilishaacha kusukuma. Niliona kama nasukuma zaidi nitavunja kitu.

Alafu Jumapili moja akaniita, laptopu iko wazi, anasoma maelezo ya fomu. Akauliza, "Wewe ulijua hii ya mjane?"

Sikujua. Mwaka 2011 wapiga kura wa Texas walipitisha kwamba veterani wa 100 akifa, mwenzake aliyebaki anaendelea kutolipa kodi kwenye nyumba ile ile, mradi iwe ndiyo makazi yake na asiolewe tena, au asioe tena. Hata akihama akanunua nyingine, kile kiasi cha dola kilichokuwa kimesamehewa anaweza kuhama nacho.

"Kwa hivo nikienda," akasema, "hawakutoi hapa kwa sababu ya kodi."

Nikamwambia usiseme hivo. Akasema nasema kwa sababu ndo kitu cha kwanza nimeelewa kwenye hii barua yote.

Sijui kama ni sawa. Nimelifikiria sana hilo. Mtu hakuweza kudai kwa ajili ya mgongo wake, kichwa chake, mapafu yake, usiku wake usio na usingizi, akaweza kudai kwa ajili yangu katika siku ambayo yeye hayupo. Nilifurahi na niliumia kwa pamoja na sijaweza kuvitenganisha mpaka leo. Kuna upande wangu unataka angesema, nastahili, basi. Lakini mlango alioupata yeye ni huo, na aliupita, na mimi sio wa kumchagulia mlango.

Leseni

Sasa kwa wale mnaotaka kwenda kesho, hili ndilo lilitukwamisha. Anwani kwenye leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo lazima ilingane na anwani ya nyumba unayoombea. Yake ilikuwa bado ya apatimenti ya zamani. Ombi la kwanza tulilotuma lilirudishwa, na barua haikueleza vizuri kwa nini, nilipiga simu nikazungushwa, mmoja ananiambia inahitajika DD-214, ile karatasi ya kutoka jeshini, mwingine ananiambia haihitajiki kabisa, mpaka mtu wa tatu akasema tatizo ni leseni tu. Badilisheni leseni kwanza.

Barua ya VA mnayotaka ni ile ya muhtasari wa malipo, unaipakua mwenyewe kwenye akaunti yako ya VA, na iwe inaonyesha asilimia na tarehe ilipoanza. Hiyo tarehe ni muhimu sana. Ukipata 100 katikati ya mwaka, msamaha unahesabiwa kuanzia ulipostahili, sio lazima ungoje Januari. Na hata kama umechelewa, muda wa kawaida ni kabla ya Mei 1 lakini sheria inamruhusu veterani wa 100 kuomba hadi miaka 5 baada ya tarehe ambayo kodi ya mwaka huo ingehesabiwa imechelewa. Uliyolipa katikati hapo inarudishwa. Kuna familia hapa kwetu zimerudishiwa maelfu.

Nyumba ya mume na mke haina shida. Lakini najua tunavyonunua sisi, wewe na kaka yako, ama wewe na binamu, majina mawili kwenye hati. Hapo msamaha unafunika fungu la veterani, fungu la mwingine linalipiwa kodi kama kawaida. Ada za HOA, kile chama cha wenye nyumba mtaani, hazihusiki, hizo mtalipa.

Na msilipe mtu. Utaanza kupokea barua zenye nembo kama za serikali zikisema tulipe kiasi fulani tukujazie homstedi. Fomu ni ya bure, kuipeleka ni bure. Hata kwenye madai ya VA yenyewe, kaunti za Texas zina afisa wa veterani ambaye kazi yake ni hiyo na halipwi na wewe. Inaniuma sana nikisikia mwanajeshi wetu amekatwa fungu la malipo yake na kampuni iliyomjazia karatasi ambazo yule afisa angemjazia bila senti.

Walio nje ya Texas, someni za kwenu, manake kila jimbo na yake. Virginia, Maryland, Florida na New Jersey wanafuta kodi ya makazi kwa mtu wa 100, ila wanataka iwe ya kudumu, Texas haidai neno hilo la kudumu. Minnesota, ambako mko wengi, wanaanzia 70: wanatoa dola 150,000 kwenye thamani ya nyumba, na kwa 100 ya kudumu wanatoa 300,000.

Barua ilipokuja

Ilikuja baada ya ile siku ya kaunta, karatasi moja, imekubaliwa. Benki ikachukua muda kurekebisha eskro lakini malipo ya mwezi yakashuka, na yakashuka sana. Watu wananiuliza tumefanyia nini hiyo pesa. Ameacha ile shifti ya Jumamosi usiku. Ndo hivo tu. Na kwa kuwa swali hili linaulizwa sana kwenye inboksi, ndiyo, mtu wa 100 kwa hesabu ya maradhi anaruhusiwa kufanya kazi, hawamnyang'anyi. Wanaobanwa kwenye kazi ni wale wanaolipwa kiwango cha 100 kwa sababu wamethibitisha hawawezi kushika ajira ya kudumu.

Na hapo ndo nafika kwa rafiki yetu wa Eldoret.

Wiki iliyopita alikuja kututembelea, tukapika, wakacheka kama kawaida yao. Baada ya chakula mume wangu akamuuliza, na wewe bro, kodi yako ya Killeen inaendaje? Akaanza kuzunguka. Kumbe yeye aliyesukuma kila mtu, aliyenipigia simu mimi, ako 80. Hajafanya kazi tangu alipopasuliwa mgongo. Mke wake ndo anabeba nyumba, shifti mbili za unesi, na bili ya Januari imewakuta na nusu ya pesa.

Mtu wa 80 mwenye maradhi moja ya 40 au zaidi, asiyeweza kushika kazi kwa sababu ya maradhi hayo, anaweza kuomba alipwe kiwango cha 100 kwa fomu 21-8940. Texas inalihesabu hilo sawa sawa na 100. Yeye anaijua hiyo fomu, ameshawajazia wengine. Akasema, "Shemeji, hiyo unaandika kwa mkono wako kwamba huwezi kazi. Mimi nina miaka 38."

Nilitaka kusema mengi. Mume wangu akaniwahi. Hakumwambia habari za haki, wala za sheria, wala za Killeen. Alimuuliza mke wake anatoka kazini saa ngapi. Yule akajibu. Wakakaa kimya muda, alafu mume wangu akasimama akaenda kuleta laptopu.

Hawakumaliza usiku ule. Kuna sehemu ya fomu inataka historia ya kazi ya miaka 5 ya mwisho aliyofanya, na tarehe nyingine zilimtoka. Wamepanga Jumatatu waende kwa afisa wa veterani wa kaunti ya Bell. Mume wangu ameomba ruhusa kazini, anaendesha yeye mpaka Killeen, na amenisisitiza nisimpigie simu shemeji kumkumbusha.